Jasi ya Makanya: Jiwe Moja, Majina Mengi

Utangulizi

Msafiri anayepita barabara kuu kutoka Korogwe kwenda Moshi huiona milima ya Upare upande wake wa kulia, na upande wa kushoto hukiona kiwanda kikubwa cha Mungu: uwanda mkavu, wenye miiba na jua kali, unaoteremka kuelekea mto Pangani. Katika uwanda huo, baina ya Hedaru na mji wa Same, ipo Makanya, ambapo reli iliyoanza kujengwa Tanga mwaka 1893 iliwekewa kituo. Chini ya udongo wa sehemu hizo hulala madini meupe, laini, ambayo wachimbaji na wenyeji huyaita jasi.

Madini haya si dhahabu wala tanzanaiti, na wala hayajawahi kuwavuta watu kwa maelfu. Hata hivyo ni vigumu kumpata mwananchi ambaye hajayagusa. Yamo katika saruji iliyojengea shule na zahanati. Yamo katika dari za nyumba mpya. Yamo katika bendeji ngumu anayofungwa mtu aliyevunjika mguu. Na mara nyingi yamo katika chaki anayoishika mwalimu kila asubuhi. Kitu kinachotumika katika kazi nyingi namna hii hupata majina mengi, na majina yakiwa mengi bila ya mpango huzaa makosa.

Katika makala haya tunakusudia kueleza jasi ni kitu gani, hupatikanaje, hutumika wapi, na ina hatari gani. Kisha tutaonyesha jinsi majina yake yanavyochanganywa na yale ya chokaa, chaki na plasta, na mwisho tutapendekeza namna ya kuyatenganisha. Tunaandika hasa kwa ajili ya wafasiri, walimu na watumishi wa serikali, kwa kuwa ndio wanaoandika maelekezo yanayosomwa na mkulima, fundi na mgonjwa.

Jasi ni nini?

Kwa lugha ya kemia, jasi ni salfeti ya kalsiamu iliyoshikana na maji. Alama yake ni CaSO₄·2H₂O, yaani kila chembe moja ya salfeti ya kalsiamu imeungana na chembe mbili za maji. Maji haya si unyevu wa kawaida unaoondoka jiwe likianikwa juani. Yamefungwa ndani ya umbile la jiwe lenyewe, na ukilishika jiwe hulihisi kuwa kavu kabisa. Katika kilo 100 za jasi safi mna karibu kilo 21 za maji. Msomaji ashike sana jambo hili, maana majina yote tutakayoyajadili yanategemea maji hayo.

Jasi ni laini. Katika kipimo cha ugumu wa madini kilichotungwa na Friedrich Mohs mwaka 1812, jasi imewekwa daraja la pili kati ya madaraja kumi, na hukwaruzika kwa ukucha. Huyeyuka kidogo katika maji, kiasi cha gramu mbili hivi kwa lita moja. Kwa sababu hiyo haifai kwa ukuta unaopigwa na mvua. Haiwaki moto, haina harufu, wala si sumu.

Asili yake yaeleweka vizuri mtu akitazama nchi kame. Maji yanayopita katika miamba na udongo hubeba chumvi za namna mbalimbali. Yakifika mahali tambarare pasipo na njia ya kutokea, na jua likawa kali, maji huenda hewani na chumvi hubaki. Chumvi hizo hazigandi zote kwa wakati mmoja: kwanza hujitenga kabonati ya kalsiamu, halafu jasi, na baadaye chumvi ya kula. Milima ya Upare ya Kusini, ambayo kilele chake cha Shengena kina urefu wa meta 2,462, huzuia pepo zenye mvua zitokazo Bahari ya Hindi. Hivyo misitu ya juu hupata maji ilhali uwanda wa magharibi hubaki mkavu. Nchi ya namna hii ndiyo makao ya jasi. Hapa Tanzania jasi hupatikana pia Itigi mkoani Singida, na katika wilaya ya Kilwa.

Kuchimba na kuchoma

Jasi iliyo karibu na uso wa ardhi haihitaji mashimo marefu kama ya dhahabu. Udongo wa juu huondolewa, kisha jasi huchimbwa kwa sururu, mtaimbo na sepetu, au kwa mitambo pale penye mtaji. Huanikwa, huchambuliwa ili kuondoa mchanga na udongo wa mfinyanzi, na kupakiwa katika malori. Bei na matumizi yake hutegemea usafi: jasi yenye udongo kidogo huweza kufaa kwa saruji, lakini inayotakiwa kwa bendeji za hospitali au kwa chaki hapana budi iwe safi zaidi.

Hatua ya pili ni kuchoma. Jasi ikipashwa moto wa nyuzi 150 hivi za sentigredi, hupoteza robo tatu ya maji yake. Kilo 100 za jasi safi hutoa karibu kilo 84 za unga mweupe. Unga huu ukichanganywa na maji hufanya uji mzito, na baada ya dakika chache uji huo huganda na kuwa mgumu kama jiwe. Kinachotokea ni kwamba unga huyarudisha maji uliyonyang'anywa na moto, na kuwa jasi kwa mara ya pili. Aliyelieleza jambo hili kwa njia ya kisayansi ni Antoine Lavoisier, aliyewasomea wanasayansi wenzake wa Paris utafiti wake juu ya jasi mwaka 1765. Mji huo ulikuwa na machimbo mashuhuri ya jasi katika mtaa wa Montmartre, na ndiyo maana unga huu huitwa plasta ya Paris katika lugha nyingi za dunia.

Moto ukizidi, maji yote hutoka. Kinachobaki ni salfeti ya kalsiamu tupu, ambayo haigandi upesi ikitiwa maji. Basi tuna vitu vitatu vinavyotokana na jiwe moja: chenye maji yake yote, chenye robo ya maji yake, na kisicho na maji kabisa. Kwa macho vyote ni vyeupe. Kwa kazi ni vitu vitatu mbalimbali, na kila kimoja chastahili jina lake.

Matumizi

Matumizi makubwa ya jasi nchini mwetu ni katika saruji. Mawe ya chokaa na udongo huchomwa pamoja katika tanuri hadi yakafanya vinundu vigumu. Vinundu hivyo vikisagwa peke yake na kutiwa maji, huganda upesi mno kiasi cha kumshinda fundi kutumia mwiko wake. Kwa hiyo wakati wa kusaga huongezwa jasi, kwa kawaida asilimia 3 hadi 5, ili kuchelewesha kuganda. Katika mfuko wa kilo 50 jasi ni kilo moja na nusu hadi mbili na nusu tu, lakini bila ya hizo mfuko mzima haufai. Viwanda vya saruji vya Wazo jijini Dar es Salaam, kilichoanza mwaka 1966, na cha Pongwe karibu na Tanga, kilichoanza mwaka 1980, ni miongoni mwa sababu zilizoipa jasi ya nchi hii soko. Mwaka 2016 Serikali ilipiga marufuku uagizaji wa jasi na makaa ya mawe kutoka nchi za nje kwa hoja kwamba yaliyomo nchini yanatosha. Na tangu hapo neno jasi limezidi kuonekana magazetini.

Matumizi ya pili ni ujenzi wa ndani ya nyumba. Unga uliochomwa hutengenezwa mabamba ya dari na ya kugawia vyumba, na mapambo ya kingo za dari. Mabamba haya hupendwa si kwa uzuri tu, bali pia kwa sababu huuchelewesha moto: kabla ya moto kulipita bamba, hauna budi kwanza kuyatoa maji yaliyofungwa ndani yake.

Ya tatu ni uganga wa mifupa. Daktari wa jeshi la Uholanzi, Antonius Mathijsen, alibuni katika miaka ya 1851 na 1852 bendeji iliyopakwa unga wa jasi iliyochomwa. Bendeji huloweshwa, huzungushwa penye mfupa uliovunjika, na huganda kwa umbo la kiungo chenyewe. Njia hiyo imeenea duniani kote.

Ya nne ni kilimo. Katika udongo wa magadi, sodiamu huufanya udongo ufunge na kuzuia maji yasipenye. Jasi huleta kalsiamu, nayo huing'oa sodiamu na kukaa mahali pake. Kisha maji ya kutosha huisafirisha sodiamu mbali na mizizi. Jambo hili si dogo katika nchi inayotegemea umwagiliaji, kama zilivyo tambarare za chini ya milima ya Upare. Jasi hutumika pia kwa karanga, ambazo huhitaji kalsiamu karibu na maganda ili punje zijae. Sifa yake kubwa shambani ni kwamba hulipa udongo kalsiamu bila ya kuupunguzia uchachu. Chokaa hufanya kinyume: hupunguza uchachu. Kwa hiyo mkulima mwenye udongo wa magadi, ambao tangu hapo hauna uchachu, akinunua chokaa kwa sababu kijitabu kimeandika “chokaa” badala ya “jasi”, ametumia fedha yake bila faida, na huenda akaidhuru ardhi yake.

Ya tano ni chaki. Mwamba uitwao chaki katika elimu ya miamba ni kabonati ya kalsiamu. Lakini vijiti vingi vya kuandikia ubaoni hutengenezwa kwa kumimina uji wa jasi iliyochomwa katika vikalibu. Mwalimu anaweza kupima mbele ya wanafunzi: atone ndimu au siki juu ya kipande cha chaki. Kikitoa povu, kimo kabonati. Kisipotoa, yamkini ni jasi.

Usalama

Tumesema jasi si sumu. Hata hivyo yapo mambo manne ya kuangaliwa.

Kwanza ni vumbi. Vumbi la jasi huwasha macho, pua na koo. Likichanganyika na mchanga wenye silika ni hatari zaidi, maana vumbi la silika likivutwa kwa miaka mingi huharibu mapafu. Kunyunyizia maji mahali pa kazi na kufunika pua ni kinga nyepesi.

Pili ni mashimo. Kingo za shimo lisilo refu huonekana kuwa salama, lakini mvua ikinyesha huporomoka. Shimo lililoachwa bila kufukiwa hujaa maji, na huwa mtego kwa watoto na mifugo.

Tatu ni joto la kuganda. Unga uliochomwa unaporudisha maji yake hurudisha pia joto ulilopewa na tanuri. Katika tabaka nyembamba joto hilo hupotea hewani. Katika donge nene laweza kufika nyuzi 60 au zaidi, nalo hudumu kwa muda mrefu. Mwaka 2007, katika shule moja ya Uingereza, mwanafunzi aliyetaka kutengeneza sanamu ya mikono yake aliitumbukiza katika ndoo ya plasta. Plasta ikaganda huku ikitoa joto kali, naye akapoteza vidole vingi. Walimu wa sanaa na wa sayansi wasiruhusu kamwe mtu kutia kiungo chake katika plasta nzito. Katika hospitali nako, maji ya moto na matabaka mazito ya bendeji huongeza hatari ya kuungua. Tena mgonjwa aliyefungwa hana budi kuambiwa kwa maneno anayoyaelewa kwamba vidole vikifa ganzi, vikipoa, vikibadilika rangi, au maumivu yakizidi, arudi hospitali mara moja bila kungoja siku ya miadi.

Nne, na hili ndilo linalotuhusu zaidi sisi watu wa lugha, ni kuichanganya jasi na chokaa. Chokaa iliyotoka tanurini ikikutana na maji huchemka vikali; na hata ikishakuzimwa, bado huunguza ngozi na yaweza kulipofua jicho. Anayeingiwa na chokaa machoni lazima aoshwe kwa maji mengi papo hapo. Jasi mbichi haina ukali huo. Maandishi ya mfuko yakisema “jasi” ilhali ndani mna chokaa, kibarua hataona sababu ya kukinga macho yake. Kosa la herufi chache laweza kumgharimu mtu macho.

Mkorogano wa majina

Neno jasi limetoka katika Kiarabu, ambamo hutaja plasta ya kujengea. Kiswahili kina neno jingine lenye sauti hiyo hiyo, nalo ni jasi la kuvaa katika ndewe ya sikio. Sarufi huyatenganisha: twasema “jasi hii imechimbwa” lakini “jasi hili limevaliwa”, na wingi wa pambo ni majasi. Kwa hiyo hoja ya kwamba jasi ni neno lenye utata haina nguvu.

Pamoja na hayo, mafundi wengi wa dari husema “jipsamu”, na hawaelewi kwamba kitu hicho hicho huitwa jasi huko kinakochimbwa. Matokeo yake ni kwamba mchimbaji wa Makanya na fundi wa mjini wanashughulika na jiwe moja bila kujua.

Neno plasta nalo limebebeshwa mzigo mkubwa. Ni kitambaa chenye gundi cha kubandika juu ya jeraha dogo. Ni udongo wa saruji na mchanga wanaoupaka waashi ukutani, ambao wengine huuita lipu. Na ni bendeji ngumu ya mfupa, ambayo mitaani huitwa pia “hogo”. Ukisoma tu kwamba “mgonjwa amewekewa plasta mguuni”, hujui kama amejikwaa au amevunjika.

Neno chokaa ndilo la zamani kuliko yote haya katika ujenzi wa pwani. Ni zao la matumbawe au mawe yaliyochomwa, liliyojengea majumba ya Unguja na Lamu, na ndiyo inayotafunwa na tambuu. Lakini kwa watu wengi kila unga mweupe wa ujenzi ni chokaa. Na wilayani Same lipo jiwe jeupe jingine, magnesaiti ya Chambogo, ambayo ni kabonati ya magnesiamu na wala si jasi wala chokaa. Kwa weupe peke yake hatutafika.

Mapendekezo

Twaona yafaa kuanza na neno lililo hai midomoni mwa wanaokichimba kitu. Wataalamu wa umwagiliaji walipoandika juu ya mabwawa madogo ya asili ya Upare hawakutunga neno. Walichukua neno “ndiva” kwa Wapare wenyewe, na sasa linaeleweka mbali na milima hiyo. Kwa jasi kazi ni nyepesi zaidi, kwa kuwa neno limo tayari katika Kiswahili. Tunapendekeza yafuatayo:

(a) Jasi: madini yenye maji yake yote, jinsi yatokavyo shimoni. Katika kemia: salfeti ya kalsiamu yenye maji. Neno “jipsamu” liachwe katika maandishi rasmi.

(b) Jasi iliyochomwa: unga uliopoteza robo tatu ya maji, unaoganda ukitiwa maji. “Plasta ya Paris” laweza kubaki kama jina la pili, lakini neno “plasta” lisisimame peke yake kwa maana hii.

(c) Jasi isiyo maji: iliyopoteza maji yote. Hatupendekezi “jasi kavu”, kwa sababu mchimbaji huita hivyo jasi iliyoanikwa juani, ambayo maji yake ya ndani bado yamo.

(d) Bamba la jasi: kwa dari na kuta za ndani.

(e) Bendeji ya jasi: kwa mifupa iliyovunjika. “Hogo” ni neno la mazungumzo, na muuguzi anaweza kulitumia kumfafanulia mgonjwa. Lakini katika cheti liandikwe jina rasmi.

(f) Chokaa: libaki kwa zao la matumbawe na mawe yaliyochomwa pekee. Iliyotoka tanurini iitwe chokaa isiyozimwa, na iliyokwisha kutiwa maji iitwe chokaa iliyozimwa.

(g) Chaki: kijiti cha kuandikia, kwa vyovyote kilivyotengenezwa. Mwamba wenye jina hilo uitwe mwamba wa chaki.

Hitimisho

Mfasiri anayekutana na unga mweupe katika maandishi ya kigeni ajiulize maswali matatu kabla ya kuandika. Je, asili yake ni salfeti au kabonati? Je, umechomwa au haujachomwa? Je, maji yake yamo, yamepungua, au yametoka yote? Akipata majibu, jina litajileta lenyewe. Asipoyapata katika matini, amwulize mkemia au fundi. Kuuliza si ujinga.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa uliopo baina ya jasi na chokaa katika maandishi yetu ungali mdogo, na wakati wa kuuziba ni sasa, kabla haujafika katika mifuko ya dukani, vijitabu vya wakulima na vyeti vya hospitali. Tunawaomba wasomaji, hasa walimu na mabwana shamba walio karibu na machimbo ya Makanya, Itigi na Kilwa, watuandikie majina wanayoyasikia kwa wachimbaji: majina ya tabaka za jasi, ya madaraja ya usafi wake, na ya zana za kazi. Majina hayo tutayapima pamoja na haya tuliyoyapendekeza, na pale watakapotuzidi, tutayachukua yao.